Kuwaambia watu kwamba una OCD: waombe jambo moja mahususi

Mleta mada, umesema daktari amekuambia una OCD (ugonjwa wa akili wa mawazo yasiyotakiwa na matendo ya kujilazimisha) na hujui uwaambie watu wa nyumbani na kazini au ukae nayo kimya. Mimi naishi nayo tangu ujana, na watu wangu wa karibu wote wanajua. Ushauri wangu ni uwaambie, ila uamue mapema utakachowaomba wafanye. Ukisema tu "nina OCD" ukaishia hapo, kila mmoja atakusaidia anavyojua yeye, na msaada mwingine unaulisha ugonjwa.

Jiandae pia kwa maneno haya: "Hata mimi niko hivyo, napenda vitu vikae kwa mpangilio." Usikasirike, lakini usiyaache yapite. Anayependa usafi huridhika nyumba ikishakuwa safi. Mwenye OCD anaingiliwa na wazo asilolitaka, linampa hofu au kinyaa, kisha anajikuta analazimika kufanya tendo fulani ili atulie: kunawa, kukagua, kuhesabu, kurudia dua ile ile mpaka aione imetoka sawasawa. Utulivu haudumu. Hofu inarudi na kudai zaidi. Wapo ambao matendo yao yote hufanyika kichwani, hakuna anayewaona, na hao wanaweza kuchelewa kupata msaada.

Kwangu mimi ni jiko na mlango. Nazima jiko, naona swichi imekaa kwenye sifuri, naigusa kwa kidole, natamka "nimezima". Nafunga mlango, nausukuma kwa bega. Kabla sijafika mbali swali limesharudi: una hakika? Macho yameona, kidole kimegusa, lakini ile hali ya kuridhika haiji. Narudi, na nikikagua tena hakika inazidi kupungua. Watafiti wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, walilionyesha hilo mwaka 2003. Waliwapa watu wasio na ugonjwa huu jiko la kwenye kompyuta walikague tena na tena. Kumbukumbu zao zilibaki sahihi, ila imani yao katika kumbukumbu hizo ilishuka. Nilipolisoma hilo nilipumua, maana nilikuwa naamini akili yangu inaharibika.

La jiko hata hivyo ni rahisi kulisema. Gumu ni mawazo. Mwanangu alipokuwa mchanga, kila nikishika kisu jikoni lilikuja wazo la kumdhuru. Nilimpenda mno, na ndiyo sababu wazo lile lilinitesa. Nikawa naficha visu kwenye droo, nakataa kubaki naye peke yangu, na simwambii mtu sababu. Ndugu yangu, kama nawe una mawazo ya namna hiyo, yawe ya kudhuru, ya ngono au ya kukufuru, sikiliza: mwaka 1978 wanasaikolojia Rachman na de Silva waliwauliza watu wasio na OCD, na wengi wao walikiri kupatwa na mawazo yanayofanana na hayo. Wao huyaacha yapite. Sisi tunayashika, tunayahoji, tunatafuta ushahidi kwamba sisi si watu wabaya. Kuliwaza jambo si kulitaka. Haya mwambie kwanza mtaalamu anayeijua OCD, kisha ndugu au mwenza, kwa sababu asiyeielewa anaweza kukutafsiri vibaya ukabaki na jeraha juu ya jeraha.

Sasa lile ombi. Kila jioni nilikuwa namuuliza mke wangu, "Una hakika nimefunga?" Naye kwa upendo alijibu, "Umefunga, mume wangu, nimekuona." Baada ya muda mfupi nauliza tena. Jibu lake lilikuwa linafanya kazi ile ile ya kurudi mlangoni. Kwa mwongozo wa mtaalamu tukakubaliana awe ananiambia, "Hilo ni swali la OCD. Najua linakuumiza, niko hapa na wewe, ila sitalijibu." Mwanzoni ilikuwa kazi ngumu kwetu sote. Makubaliano yenyewe tuliyafanya wakati nimetulia, na tulianza na mambo madogo. Asikwambie mtu kwamba ndugu wakukatalie ghafla kila kitu siku moja.

Tiba yenyewe inakwenda kwa msingi huo huo: unakabili kinachokutisha kwa hatua, bila kufanya lile tendo, mpaka ujifunze kuishi na hali ya kutokuwa na hakika. Mwanasaikolojia Victor Meyer aliandika kuhusu njia hiyo mwaka 1966 akiwa London, na hadi leo ndiyo inayopendekezwa kwanza. Dawa za kundi la sertralini na fluoksetini nazo husaidia wengi, ila kwa OCD mara nyingi dozi huwa kubwa kuliko ya sonona, na huchukua wiki 8 hadi 12 kabla ya kujua kama zimekufaa. Usiziache bila kuongea na daktari.

Kazini sema kidogo. Bosi hahitaji kujua mawazo yako, anahitaji kujua unachoomba: muda wa kwenda kliniki, au wenzako wasikukagulie kazi mara ya pili hata ukiwasihi. Chagua mtu mmoja unayemwamini uanze naye, na uangalie kwanza sheria za kazi za kwenu zinamlinda vipi mgonjwa. Ukipenda, andika hapa sentensi mbili tatu unazotaka kumwambia, bila majina, tuzipitie pamoja kabla hujaenda.