Rudia Misheni, Badilisha Sharti: Ushauri kwa Wachezaji wa Hitman

Nasikia sana watu wakisema Hitman, gemu ya kumwongoza muuaji wa kukodiwa, ni fupi. Mtu anainunua, anamaliza misheni zote kwa wiki moja, anaifuta kwenye mashine ili apate nafasi ya gemu nyingine. Ukiipima kwa hadithi, ni kweli: ile iliyotoka 2016 ina maeneo makubwa sita tu, yaani Paris, Sapienza, Marrakesh, Bangkok, Colorado na Hokkaido. Lakini wenyewe walioitengeneza, IO Interactive wa Copenhagen nchini Denmark, waliitoa kipande kwa kipande. Paris ilitoka Machi, Sapienza Aprili, Marrakesh Mei, na Hokkaido ikaja kufunga kabla ya mwaka kwisha. Aliyekuwa akiicheza wakati ule alikaa na ramani moja wiki nyingi kabla ya kupata nyingine. Mimi nilijifunza kuirudia katika kusubiri huko, na mpaka leo naamini hivyo ndivyo inavyopaswa kuchezwa, hata sasa ambapo gemu hii na mbili zilizoifuata zimeunganishwa kuwa Hitman World of Assassination tangu Januari 2023.

Ila kurudia peke yake hakutoshi. Ukirudi na mbinu ileile utapata misheni ileile, na utachoka haraka. Ninachoshauri ni hiki: kila unaporudi, jiwekee sharti moja tu, na liwe sharti litakalokulazimisha kutazama kitu ambacho safari iliyopita ulikipita bila kukiona.

Mara ya kwanza usijitese. Gemu yenyewe ina visa vidogo vinavyokushika mkono, vifuate. Pale Paris, kwenye maonyesho ya mitindo ndani ya Palais de Walewska, kuna mwanamitindo anaitwa Helmut Kruger anayefanana na Agent 47, yule muuaji unayemwongoza, kupita kiasi. Ukivaa nguo zake utapita jukwaani mbele ya watu, kisha utafunguliwa njia ya kwenda ghorofani kukutana na Dalia Margolis, mmoja wa walengwa, ambaye anaendesha mnada wa siri huku wageni wa chini wakiangalia mavazi. Kipite kisa hiki kwa raha zako. Kinakuonyesha ghorofa ya chini, nyuma ya jukwaa na ya juu kwa mkupuo mmoja.

Safari ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo wengi wanairuka: ingia, usimguse mtu. Chagua mlengwa mmoja, tuseme Viktor Novikov, mwenye maonyesho yale, umfuate mpaka arudi pale ulipomkuta mwanzo. Watu wote wa gemu hii wana mzunguko. Wanatembea, wanasimama, wanaongea na fulani, wanakunywa kitu, wanaanza upya. Angalia mlinzi wake anasimama wapi kila anapotua. Angalia ni mlango gani unaachwa bila mtu, na kwa muda gani. Sikiliza mazungumzo ya wahudumu na walinzi, maana humo ndimo mna siri nyingi kuliko kwenye maandishi ya misheni. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuzima ramani ndogo ya pembeni na vile vialama vya kukuelekeza. Zima. Ukiwa navyo, macho yako yanabaki kwenye kona ya skrini wakati jumba zima liko mbele yako.

Katika matembezi hayo utagundua pia wale wenye kitone cheupe juu ya kichwa. Hao ndio wanaoweza kukushtukia hata ukiwa umevaa sare, kwa sababu wanawafahamu wenzao wa kazi. Ukiwajua walipo kabla hujaanza shughuli, nusu ya hofu imeisha.

Baada ya hapo ndipo uanze masharti yenyewe. La kwanza ninalompa mtu yeyote ni ajali tupu: walengwa wote wafe kwa kitu kinachoonekana kama bahati mbaya. Nina sababu ya kulitanguliza. Daraja la juu kabisa, Silent Assassin, linataka usiue asiyehusika, usionekane ukifanya jambo, usiache maiti ikagunduliwa, wala usibaki kwenye kamera za ulinzi. Maiti ya ajali haihesabiwi hata ikikutwa na umati mzima. Kwa hiyo sharti hili linakufundisha Silent Assassin bila kukubana koo. Pia linabadilisha macho yako: unaanza kutazama juu. Taa za jukwaani zilizoning'inia juu ya njia ya Novikov, kandili kubwa za ukumbini, kuta fupi za roshani. Vitu hivyo vilikuwepo tangu siku ya kwanza, wewe ulikuwa unatazama walinzi.

Sharti la pili liwe chakula na vinywaji. Novikov ana kokteli yake anayoipenda baani. Ukivaa nguo za mhudumu wa baa unaweza kumchanganyia wewe mwenyewe, ukatia unachotaka. Sumu ya panya haimuui mtu, inamtapisha, naye atakimbilia chooni. Kwa maoni yangu hii ni silaha bora kuliko bastola, kwa sababu inamtoa mtu kwenye mzunguko wake na kumpeleka unapotaka wewe. Mwenye kuielewa sumu ya panya ataielewa na sarafu ya kurusha, redio ya kuwasha, na bomba la kuachia maji. Vyote vinafanya kazi moja, kumhamisha mtu.

Sapienza ni mahali pazuri pa kuendeleza hili. Ni mji mdogo wa kubuni kwenye pwani ya Italia, wenye kanisa, duka la aiskrimu, jumba la kifahari la Silvio Caruso, na maabara iliyofichwa pangoni chini yake. Sehemu kubwa ya mji unatembea bila kuulizwa na mtu. Walengwa ni wawili. Caruso anamsubiri daktari wake wa akili. Francesca De Santis ana mambo yake na mwalimu wa gofu. Kisha kuna kirusi unachotakiwa kukiharibu kule maabara, na hapo ndipo wengi huishia kuvaa sare ya maabara kila wanaporudi. Safari moja jikataze sare hiyo kabisa. Utalazimika kujua pango linaingilika kwa upande upi, na kwamba juu ya kile chombo chenye kirusi kuna jiwe linaloning'inia ambalo unaweza kuliangusha kwa risasi.

Kuhusu kucheza kwa suti tu, bila kubadilisha nguo hata mara moja, ushauri wangu ni kuchelewa. Wapo wanaoanza nalo kwa sababu linaonekana la kishujaa, kisha wakikwama wanafungua video na kunakili hatua kwa hatua. Ukinakili hivyo, hujui ulichofanya. Lakini ukilifikia baada ya kuijua ramani, linaigeuza kabisa. Hokkaido ndiyo mfano bora. Misheni yake iko ndani ya hospitali ambayo milango yake inafunguka kwa kutambua nguo ulizovaa, kwa hiyo ukikataa sare, milango mingi inabaki imefungwa. Unabaki na madirisha, kingo za nje kwenye theluji, na subira ya kuingia nyuma ya mtu mwingine.

Kuna sharti moja ambalo halimo kwenye orodha yoyote ya changamoto za gemu, nami nalithamini sana: usirudishe sevu, yaani usirudi pale ulipohifadhi mchezo. Ukionekana, umeonekana. Kimbia, jifiche, badilisha nguo, subiri walinzi watulie, maliza kazi, toka. Wachezaji wengi wenye uzoefu hawajui kabisa walinzi wanatafuta vipi baada ya kengele, kwa sababu kila kosa dogo wanalifuta kwa kurudi nyuma. Ugumu wa Master unakupa sevu moja tu kwa misheni nzima, kwa hiyo anza kuzoea mapema kwenye ugumu wa kawaida. Zile dakika za kutafuta njia ya kutoka huku jumba zima likikusaka zimenifundisha Paris kuliko safari zote nilizopita kimyakimya.

Jambo la vitendo kwa sisi tunaohesabu bando. Ukiwa nje ya mtandao misheni inachezeka, lakini changamoto hazihesabiwi, na vifaa ulivyofungua huwezi kuvichukua. Nami nimepanga hivi: matembezi ya kuangalia na kusikiliza nafanya bila intaneti, na zile safari za kukamilisha changamoto nazifanya mtandao ukiwa imara. Paris ina ngazi 20 za umahiri, unazopanda kwa kukamilisha changamoto, na kila baada ya ngazi kadhaa unafunguliwa mahali papya pa kuanzia au pa kufichia kifaa. Kuanza tayari ukiwa ndani na umevaa sare ni misheni tofauti na kuanzia kwenye lango kuu, kwa hiyo usikubali ngazi hizo zipotee kwa sababu ya mtandao wa kukatikakatika.

Ukishafika hapo, jaribu Freelancer, aina nyingine ya kucheza iliyoongezwa kwenye gemu Januari 2023. Walengwa hubadilika kila mara, mtu yeyote ndani ya ramani anaweza kuwa ndiye, sevu hakuna, na ukishindwa unapoteza vifaa ulivyobeba. Kabla ya kuchagua genge la kulisaka, gemu inakuonyesha ni ramani zipi utapelekwa. Chagua lile lenye Paris au Sapienza ndani yake, beba vitu vichache, na ukifika nenda kwanza kwenye vyoo na vyumba vya wafanyakazi unavyovijua, kisha ndipo umtafute mlengwa.