Tuna nusu siku Muscat, twende wapi?

*Shangazi wa Safari anajibu maswali ya wasomaji*

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu, naandika kutoka Tanga. Januari mimi na mama yangu, ambaye ana miaka 71, tunakwenda India kwenye mahafali ya mdogo wangu. Ndege tunaunganisha Muscat: tunatua saa 12 asubuhi, tunaondoka saa 11 jioni, na siku yenyewe ni Jumatano. Mama hajawahi kutoka nje ya nchi, na tangu alisikie jina la Muscat anasema lazima akaone alikotoka Seyyid Said. Lakini magoti yanamsumbua, na ndugu wanatuambia tutulie uwanjani tusije tukaachwa na ndege. Tunaweza kutoka? Na tukitoka, twende wapi?

Marahaba mwanangu, na mama mfikishie shikamoo yangu. Tokeni. Mtu mwenye magoti hukakamaa zaidi kwa kukaa kutwa kwenye kiti cha uwanjani kuliko kwa asubuhi moja ya mjini yenye gari la kumngoja mlangoni.

La kwanza ni viza, na hili lifanye wiki hii, usingoje tiketi ikaribie. Viza ya Oman huombwa kwenye mtandao, katika tovuti ya Polisi ya Kifalme ya Oman. Masharti hubadilika kulingana na pasipoti ya mtu, kwa hiyo yasome pale pale kwenye tovuti, usichukue maneno ya jirani aliyesafiri mwaka juzi. Halafu siku ya safari, mkiwa bado kaunta ya kwenu, ulizeni kama mabegi yameandikiwa moja kwa moja hadi India. Kama yameandikiwa Muscat tu, mtalazimika kuyapokea na kuzunguka nayo, na hapo mpango wote unabadilika.

Angalia pia saa yako. Muscat wako mbele yetu kwa saa moja, na saa zilizo kwenye tiketi ni za huko. Mimi napenda kuhesabu kwa kurudi nyuma: ndege ni saa 11 jioni, basi saa 8 mchana muwe mmesharudi uwanjani. Ukiondoa pasipoti, chai na kunawa uso mkifika, mnabaki na asubuhi kuanzia saa moja na nusu. Inatosha kabisa, ila si kwa kila kitu kilichomo kwenye vitabu vya watalii. Chukueni teksi na mpatane na dereva kwa asubuhi nzima, awangoje kila mnaposhuka. Bei muitaje kwa riali kabla mlango haujafungwa. Riali moja ni zaidi ya dola mbili na nusu, kwa hiyo ukisikia "kumi" usidhani ni kidogo.

Anzeni na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, kwa sababu uko njiani mkitoka uwanjani kwenda mjini, na kwa sababu wageni wanaokuja kuangalia hupokelewa asubuhi tu, saa 2 hadi saa 5, na Ijumaa hawapokelewi. Jumatano yenu ni siku njema. Nyinyi wanawake vaeni nguo ndefu yenye mikono mirefu, na nywele zote zifunikwe. Mtandio wa mama wa siku zote unatosha, kodi ya abaya haina haja. Viatu mnaviacha nje, basi mama avae ndara za kuvulika bila kuinama.

Msikiti ulifunguliwa mwaka 2001 baada ya miaka sita ya ujenzi, na mawe yake yaliletwa kutoka huko huko India mnakokwenda. Ndani ya ukumbi mkuu kuna zulia moja lililofumwa na wanawake wa Iran wapatao 600 kwa miaka minne, lenye uzito wa tani 21. Wageni hawalikanyagi ovyo, wametandikiwa njia ya kupita juu yake. Hapo ndipo ningetaka umwambie mama asimame asiwe na haraka. Watu wote huangalia juu, kwenye taa kubwa ya fuwele yenye urefu wa mita 14, nami sikatai, ni ya ajabu. Lakini mimi kila nikiingia natazama chini: maua yale madogo madogo, kila moja limefungwa fundo kwa fundo kwa vidole vya mtu. Mama yako kama amewahi kusuka mkeka atakaa hapo muda mrefu kuliko wewe.

Saa nne muwe mmeondoka kuelekea Muscat ya zamani. Huku ndiko alikotoka Seyyid Said wa mama. Dereva awashushe mbele ya kasri la Al Alam, lile la nguzo za buluu na dhahabu. Ndani haingiwi, mnaliangalia kutoka getini, ila uwanja wake ni tambarare, hauna ngazi za kumsumbua. Muonyeshe mama ngome mbili juu ya majabali ya bandarini, Al Jalali na Al Mirani. Wareno walizijenga katika miaka ya 1580, na si muda mrefu baadaye, mwaka 1593, wakaanza Fort Jesus ya Mombasa. Waomani waliwatoa Muscat mwaka 1650, na mwaka 1698 wakawatoa Mombasa baada ya kuizingira ngome kwa zaidi ya miaka miwili. Kwa hiyo mama akiona kuta zile atadhani ameshawahi kuziona, na hatakosea sana.

Seyyid Said alitawala akiwa hapa, kisha Unguja ikamvuta, na mwaka 1840 akahamishia makao yake kule, akawa anaitawala pwani yetu, Tanga ikiwemo. Mwaka 1856 alifia baharini akiwa njiani kutoka Oman kurudi Unguja. Mwambie mama kwamba kaburi lake liko Mji Mkongwe, karibu na kwenu kuliko na kasri hili. Mkirudi salama mpeleke na huko.

Mkabala na kasri kuna Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 2016. Ni mazuri mno, lakini safari hii yapiteni. Ukumbi mmoja humvuta mtu kwenye mwingine, na magoti ya mama yataisha kabla ya soko.

Soko lenyewe ni la Muttrah, dakika chache tu kwa gari. Mfike saa tano, kwa kuwa kama saa 7 mchana maduka mengi hufungwa na hayafunguliwi mpaka jioni. Ingieni kwa mlango wa upande wa bahari na msiende mbali. Vichochoro vya ndani vinapanda na kujikunja, na la kununua mtakuwa mmeshaliona katika hatua mia za mwanzo. Ubani unauzwa kwa magunia. Mwambie muuzaji awashe chembe moja kwenye chetezo mnuse kabla ya kununua. Ule mweupe wenye kukaribia ukijani, wanaouita hojari, ndio wa bei ya juu.

Na semeni Kiswahili chenu kwa sauti. Waomani wengi wamezaliwa Unguja, au wazazi wao, na walirudi baada ya mwaka 1964 na tena baada ya 1970. Siku moja nilikuwa nahesabu noti zangu kwa Kiswahili mbele ya duka la kofia, mzee mwenye duka akainua kichwa: "Kofia hiyo irudishe, mwanangu, hiyo ya watalii. Ngoja nikutolee ya kwetu." Akanitolea kiti kwanza, kofia baadaye. Mama yako akipata kiti cha namna hiyo na kikombe cha kahawa ya iliki, muache akae azungumze. Wewe zunguka peke yako ukanunue.

Saa 7 mchana mpande gari.

Shangazi, mimi ni kijana wa Moshi. Nitapita Muscat usiku, natua saa 12 jioni naondoka saa 7 usiku. Nina viza. Ninataka soko tu, na halua ya kuwapelekea wenyeji wangu Uingereza. Nina muda?

Unao, mwanangu, na jioni ndiyo saa ya Muttrah: jua limetua, taa za ufukweni zimewaka, na familia zenyewe zimetoka kupunga upepo. Nenda moja kwa moja, na saa 3 na nusu usiku uwe garini kurudi. Ukichoka na maduka, kaa kwenye ukuta wa bahari uagize mishkaki.

Halua ionje sokoni, ile ya zafarani ikiwa bado ina joto, lakini usiinunue huko. Ni laini, na kwenye ukaguzi wa mizigo ya mkononi wanaweza kuihesabu pamoja na vimiminika wakaichukua. Inunue uwanjani, ukishapita ukaguzi.