Kanga za ndani ya kasha

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza kwa nini zile doti za kashani hazijakatwa mpaka leo, na kama unaweza kuchukua moja ukashone gauni.

Kanga ya kuvaa hukatwa, hukunjwa upindo, hufuliwa. Doti iliyoachwa vipande vyake viwili vikiwa bado vimeungana imewekwa kwa ajili ya jina lake, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, na mkono ulioitoa. Kwa hiyo usisome jina peke yake. "Japo sipati tamaa sikati" ikitoka kwa mwanamume ni kubembeleza. Dada akimpa nduguye aliyekawia kushika mimba, ni dua. "Hasidi hana sababu" mtu akijinunulia ni kijembe. Akipewa na mama mkwe, maana yake mkwe huyo yuko upande wake. Jina hukaa juu ya pindo la chini, na kanga ikifungwa kiunoni huangukia nyuma. Anayelisoma ni aliye nyuma yako, nawe hukumtazama usoni.

Ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ni kisutu, nguo ya harusi. Usihangaike kutafuta jina, visutu vingi vya asili havina. Na penye maandishi madogo "K.H.E. Mali ya Abdulla", huyo Abdulla si babu yako! Ni alama ya wafanyabiashara wa Mombasa walioanza kazi 1887.

Kinachopotea kwanza ni habari ya mtoaji, kitambaa hubaki. Kata utepe wa pamba nyeupe, andika kwa penseli nani alitoa, lini, kwa shughuli gani, kisha ushikize kwenye upindo kwa mishono miwili mirefu. Wino wa kalamu huchuja ukipata unyevu, na pini huacha kutu isiyotoka.

Kanga mpya ina wanga, na wanga huwaita wale wadudu wa rangi ya fedha wanaokula vitabu. Ya kuhifadhi miaka mingi ifuliwe kwanza, peke yake, kwa maji baridi, ukibadilisha mpaka maji yatoke meupe. Watu husema chumvi inafunga rangi; usiitegemee, hasa kwa wekundu wa kisutu unaorukia weupe wake. Anika kivulini mpaka ikauke kabisa, maana hewa ya pwani ikikutana na unyevu uliobaki huleta ukungu wa madoa meusi. Tandika shuka nyeupe ya pamba ndani ya kasha kwanza, kwani mbao hutoa mafuta yanayotia manjano. Karafuu ziwe ndani ya kifuko. Zikigusa nguo huacha doa. Ukifukiza udi, fukiza kasha tupu, ondoa chetezo, lipoe ndipo upange. Kila baada ya miezi michache zikunjue na ukunje kwa mstari mwingine, la sivyo nyuzi hukatika palepale penye kunjo.

Sasa gauni. Fundi asipoambiwa hupitisha mkasi katikati ya jina, nusu ikaishia ndani ya mshono. Mwambie jina likae zima, nyuma, chini. Chukua ile ya korosho za kijani iliyo juu kabisa. Hiyo ilinunuliwa dukani tu, hakuna aliyeitoa.

Mama yako