Chikanda si mmea mmoja: maswali yenu kuhusu okidi

Mvua zimeshika, Hifadhi ya Kitulo imechanua, na simu yangu imejaa picha za maua. Haya machache nayajibu leo.

Mwanangu kaleta ua la zambarau kutoka Matamba, anasema ni okidi. Nitajuaje, Mwalimu? (Mama, Uyole)

Hesabu, mama. Okidi ina vipande sita: vitatu nje, vitatu ndani. Kati ya vile vya ndani, kimoja kinajitenga kwa umbo: kipana, kimechanikachanika au kina mkia. Hicho ndicho mdomo. Kisha chungulia katikati. Maua mengi yana vijiti kadhaa vya chavua vinavyozunguka kiungo cha kike. Kwenye okidi, dume na jike vimeungana kuwa nguzo moja, na chavua imegandamana kama vibonge. Ukiviona hivyo, mtoto kasema kweli.

Na yale marefu mekundu yanayofanana na mwenge? (Msafiri, Chimala)

Hapana. Hayo ni Kniphofia, ndugu wa mshubiri.

Chikanda tunayopakia huku ni mmea gani kitaalamu? (Dereva, Tunduma)

Swali hili nimelingoja siku nyingi. Chikanda ni jina la soko la viazi vya okidi vinavyoliwa. Ndani ya ndoo moja unaweza kukuta jenasi tatu (yaani makundi ya spishi ndugu), Disa, Satyrium na Habenaria, na kila moja ina spishi zake. Shambani, mmea ukiwa na ua, hupati shida. Satyrium ina mikia miwili nyuma ya ua, na mdomo wake umekaa juu kama kofia. Disa ina mkia mmoja, nao unatoka kwenye kile kipande cha juu kilichojikunja, huku mdomo ukiwa mwembamba kama ulimi wa kinyonga. Habenaria mara nyingi ni ya kijani au nyeupe, na mkia wake unashuka kutoka kwenye mdomo.

Sasa toa ua, bakiza kiazi. Mimi nimeshika viazi hivyo kiganjani, nikavigeuza na kuvinusa, na sikuweza kuvitenganisha. Aliyevisaga na karanga, pilipili na magadi ndiyo kabisa. Ndiyo maana hata jenasi iliyo adimu hupita mpakani bila mtu kujua, ingawa familia yote ya okidi imo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Kuna jambo jingine. Chini ya mmea huwa kuna viazi viwili: kimoja kimesinyaa kwa kulisha shina la mwaka huu, kingine kigumu ni akiba ya mwaka ujao. Wachimbaji wanachukua hicho kigumu. (Jina okidi lenyewe linatokana na neno la Kigiriki la korodani, kwa sababu ya viazi hivyo viwili. Wagiriki hawakuwa na haya.)

Kwa nini majina ya kitaalamu yanabadilishwa? Tunakariri bure! (Mwanafunzi, Iringa)

Pole. Neno la kwanza, la jenasi, ni madai kwamba mimea fulani ni ndugu, na madai yakikataliwa jina linahama. Ua dogo la zambarau la Usambara lilipewa jina Saintpaulia ionantha mwaka 1893. DNA ikaonyesha jenasi hiyo imezaliwa ndani ya Streptocarpus, basi mwaka 2012 likawa Streptocarpus ionanthus. Umeona mwisho wa neno ulivyogeuka? Kilatini nacho kina upatanisho, kama ngeli zetu. Hata kipunji, yule tumbili wa Rungwe, aliingizwa jenasi ya Lophocebus mwaka 2005, mwaka uliofuata akahamishiwa Rungwecebus. Wenyeji wakaendelea kumwita kipunji.

Nimeona ua nisilolijua shambani kwetu. Likiwa jipya, naweza kulipa jina la bibi yangu? (Kijana, Mafinga)

Inawezekana. Bibi akiitwa Neema, neno la pili litakuwa neemae. Mwanamke hupewa -ae, mahali hupewa -ensis, kama Disa ukingensis ya Ukinga. Lakini kwanza kausha mmea kati ya magazeti, uandike ulikoukuta na rangi ya ua kabla halijafifia. Upeleke kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waulinganishe na sampuli zilizopo. Ukiwa mpya kweli, sampuli moja inatunzwa daima kuwa kielelezo cha jina hilo, na maelezo yanachapishwa kwa Kilatini au, tangu 2012, Kiingereza. Kiswahili bado.

Na muulize bibi mwenyewe ua hilo wao wanaliitaje. Liandike hilo nalo kwenye karatasi ya sampuli.