Simu haioni Wi-Fi ya gigahezi 6? Usianze na ngazi

Wadogo zangu mnaoanza kufunga mitandao hapa Dar, kabla hamjashika kazi ya gigahezi 6, elewani kwanza simu inaitafutaje.

Kwenye gigahezi 2.4 simu hupita chaneli moja moja ikipiga hodi. Chaneli ni chache, inamaliza upesi. Bendi ya 6 ina chaneli 59 za megahezi 20 kwa nchi zilizoifungua yote, kama Marekani mwaka 2020. AP, yaani kifaa kinachorusha Wi-Fi, hujitangaza kila baada ya milisekunde 100 hivi. Simu ikisubiri tangazo kwenye kila chaneli, sekunde 6 zimekwenda na betri inaliwa. Kwa hiyo husoma tangazo la 2.4 au 5 la AP hiyohiyo, ambalo ndani yake mna taarifa ya jirani: niko pia gigahezi 6, chaneli fulani. Inakwenda moja kwa moja. Ikikosa taarifa hiyo, kwa kawaida huchungulia zile 15 zilizotengwa kwa utafutaji: 5, 21, 37, 53, hivyo hivyo kwa kuruka 16 hadi 229.

Hili nimelilipia. Ofisi moja eneo la Posta, ghorofa ya 7, nilizima 2.4 na 5 ili watu wote wahamie bendi mpya. Chaneli nikachagua mwenyewe: 33. Asubuhi hakuna laptopu iliyouona mtandao. Nilipanda ngazi mara nne, nikabadilisha waya, nikabadilisha hata AP. Taa zote za kijani. Jioni ndipo nikawasha gigahezi 5 na kuhamishia chaneli kuu, ile AP inayojitangazia, 37. Upana ulibaki wa megahezi 80, kipande kilekile cha chaneli 33 hadi 45. Jina likatokea pale pale. Dada wa mapokezi alikuwa ameshinda akifanya kazi za ofisi kwa bando la simu yake. Nilimrudishia hela yake, na aibu ninayo mpaka leo.

Usalama wa nywila pia: ule wa zamani, WPA2, haukubaliki kwenye gigahezi 6, weka WPA3. Na muulizeni mteja simu zake ni za Wi-Fi 6E au za baadaye, maana nyingi zinazouzwa Kariakoo hazina bendi hii kabisa.

Mkiitwa kwa tatizo la "haionekani", fungueni kwanza ukurasa wa mipangilio: gigahezi 5 imewashwa? Chaneli kuu imo kati ya zile 15? Ngazi iacheni kwenye gari.