Ua, mpaka na wanyama: majibu kwa maswali yenu

Mbuzi wa jirani wanamaliza mazao yangu. Nataka kupanda minyaa mpakani, nianzeje? (Kongwa)

Kata vipande vya sentimita 30 hadi 50 kwenye matawi yaliyokomaa, uviache kivulini takriban wiki moja mpaka utomvu ukauke penye jeraha. Vikipandwa vibichi huoza. Panda mvua zinapoanza, mistari miwili inayopishana, sentimita 20 kati ya kipande na kipande. Ua mchanga haumzuii mbuzi, kwa hiyo msimu wa kwanza na wa pili utangulizie matawi ya miiba upande wa nje.

Wengi hukosea kwa kuuacha urefuke bila kuupogoa. Juu unajaa, chini vinabaki vijiti vyenye uwazi, na mbuzi anapita hapo hapo. Anza kuukata ukifika magotini. Wakati wa kukata, simama upepo unakotoka na uvae miwani. Utomvu ukiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji mengi safi, kisha nenda zahanati.

Usipande juu ya mstari wa mpaka wenyewe. Ingia kwako hatua moja, na umwite jirani pamoja na mwenyekiti wa kitongoji washuhudie kabla hujachimba. Ugomvi wa mti ni wa nani hudumu kuliko ugomvi wa mbuzi.

Ua wa mizinga ya nyuki unazuia tembo kweli? (Bunda)

Unasaidia sana, mradi mizinga iwe na nyuki. Tembo huogopa kuumwa kuzunguka macho na ndani ya mkonga. Mpango uliokuzwa na mtafiti wa tembo Lucy King nchini Kenya huweka kitu kila mita 10: mzinga halisi, kisha wa bandia wa plaiwudi, kwa zamu. Ekari moja huhitaji 12 halisi na 12 bandia. Waya huunganisha mzinga na mzinga, tembo akiusukuma yote inayumba na nyuki wanatoka. Waya ukikazwa kwenye nguzo, nguzo ndiyo inayovunjika na mizinga inatulia, kazi imepotea. Kiangazi, wawekee nyuki maji karibu, na kila mzinga uwe na paa la kivuli, la sivyo watahama.

Tembo akishaingia usiku, usimfukuze peke yako. Asubuhi hiyo hiyo toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, na usivune mabaki kabla afisa wanyamapori hajaona nyayo na uharibifu. Maombi ya kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, huanzia hapo.

Kitu kimechimba chini ya banda na kuua kuku wote. (Morogoro)

Yaelekea ni nyegere. Wavu mwembamba wa kuku huuchana, kwa hiyo tumia wavu wa chuma uliochomelewa. Uzike sentimita 30, kisha uukunje kuelekea nje sentimita 30 nyingine. Mnyama huchimba penye msingi wa ukuta, na hapo atakutana na chuma.

Boma langu la miiba lina nguvu, lakini fisi bado wanapata mbuzi. (Simanjiro)

Tazama mlango kwanza, kwa kawaida ndio dhaifu. Matawi yalazwe mashina ndani, miiba nje. Kisha kagua upande wa ndani: mifugo wakinusa fisi hukimbilia upande mmoja na kuubomoa wenyewe, na wengi huliwa wakiwa wameshatoka.