Kati ya Openbox na i3

Ndugu, umeuliza ni programu ipi ya kusimamia madirisha itakayokufaa katika kompyuta ya mezani ya Linux yenye kumbukumbu ya GB 2, nawe unasita kati ya Openbox na i3. Uzito usikusumbue, kwa kuwa zote mbili ni nyepesi. Kitakachomeza kumbukumbu yako ni kivinjari.

Openbox huyaacha madirisha yaelee na kupandana, nawe huyasogeza kwa kipanya na kufungua menyu kwa kubofya kitufe cha kulia mahali patupu pa skrini; lakini haiji na upau wa kazi, hivyo utalazimika kuongeza programu nyingine kama tint2. i3, iliyoanza mwaka 2009, huigawa skrini yenyewe ili kila dirisha jipya lipate sehemu yake bila kulifunika jingine, na karibu kila amri hutolewa kwa kibodi. Kwa kuwa umesema kutwa unaandika programu huku ukisoma maelezo pembeni, mimi ningechagua i3. Mipangilio yake imo katika faili moja la maandishi, na ukihamia Wayland (mfumo mpya zaidi wa kuonyesha madirisha kwenye Linux) siku zijazo, Sway, yaani programu ya Wayland inayofanya kazi kama i3, italisoma faili hilo hilo kwa marekebisho machache.

Sakinisha zote mbili, kwani hazigombani, kisha uchague mojawapo kwenye skrini ya kuingilia. Siku za mwanzo i3 huudhi, hasa kwa aliyezoea kipanya. Basi andika amri muhimu kwenye karatasi na uibandike kando ya skrini.